Taya la Mbuzi Shingoni

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho, yuko darasa la tatu kwenye shule ya Kiingereza huku Unyambwa. Mimi niliishia la pili, nikikosea mnivumilie. Alinieleza mwenyewe: mwanamume Waingereza wanamwita "hi", mwanamke "shi", na ng'ombe ni "iti", sawasawa na kigoda. Nilikuwa na dume la kulimia, akisikia kikohozi changu tu anakuja mwenyewe kwenye nira. Huyo naye "iti"! Nilitema mate. Sisi tuna "yeye", tunamaliza wote. Lakini ya ng'ombe niyaache, nilikuwa nasema habari ya shule.

Shule hiyo, mtoto akimwita mama yake "hi" badala ya "shi", au akiteleza akasema Kiswahili, anavishwa taya la mbuzi. Taya kabisa, na meno yake, limefungwa kamba iliyogeuka nyeusi kwa jasho la shingo za watoto. Analivaa mpaka amnase mwenzake akikosea, ndipo anamvisha huyo. Jumatatu mjukuu wangu alirudi nalo. Harufu ilinifikia kabla ya shikamoo. Kulivua ni viboko, basi akala ugali na mlenda taya likiwa shingoni, na inzi wanatoka kwenye meno wanatua kwenye bakuli. Chakula changu sikukimaliza.

Enzi zetu tulivishwa kibao kwa kusema Kinyaturu badala ya Kiswahili. Leo Kiswahili nacho kimekuwa uchafu. Kichefuchefu kitupu.

Jumatano akarudi anarukaruka, shingo tupu.

"Babu, limetoka!"

"Limetokaje?"

"Nimemtega yule wa jirani. Nimemuuliza kwa Kiingereza, mama yako anapika nini, akajibu kwa 'hi'. Nikamwita mwalimu mbio!"

"Si ndiye uliyekula muhogo wake jana?"

"Ndiye, babu. Mjinga yule, hata hashtuki." Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya inzi nilichukia, lakini hii ilizidi. Harufu ya mfupa mtoto anaoga inakwisha. Kicheko kile ningekiosha na nini? Nilimwona amekuwa mtu nisiyemtaka nyumbani kwangu.

Nikamshika mkono mpaka kwa jirani. Mama mtu alikuwa anapepeta alizeti uani, binti yake amekaa kizingitini na taya lake, uso ameugeuzia ukutani. Nikalivua, nikalitupa kwenye choo cha shimo. Nikamwambia mama yake, "Kesho nakwenda nao kwa mwalimu. Kama ni viboko, anichape mimi."

Kisha nikamgeukia wangu. "Muombe mwenzio msamaha."

Akaomba, sasa analia kweli.

"Haya mama, umemsamehe?" nikamuuliza yule binti wa jirani. "Sema kwa Kiswahili, sema kwa Kinyaturu, hapa ni kwenu."

Akafungua mdomo. Akamtazama mjukuu wangu, halafu akaufunika mdomo wake kwa kiganja.