Kumenya Ndizi Msibani

Kila mtu aliyekuja kunipa pole alitaka iwe pikipiki. Ningesema pikipiki, wangewalaani vijana wa bodaboda, tungemaliza. Lakini mimi niliangushwa na mgomba wangu mwenyewe, nyuma ya nyumba yangu hapa Mabira, saa nne asubuhi, sijaonja hata tone. Nilikuwa nakata mkungu mkubwa. Shina likalalia upande nisioutegemea, likanisukuma chali, kisogo kikatua kwenye jiwe la kunolea mapanga. Nilizinduka siku ya pili nikiwa kitandani katika hospitali ya Nyakahanga, na mke wangu akanisimulia yote hayo kwa uso wa mtu anayezuia kicheko na kilio kwa pamoja.

Daktari alisema ubongo umetikisika na damu kidogo imevujia ndani, lakini sitapasuliwa. Baada ya wiki tatu nilirudi nyumbani. Nywele zikaota juu ya kovu. Machoni pa watu nikawa nimepona, na hapo ndipo tabu yangu ilipoanza.

Tabu zenyewe ni ndogo ndogo, ukizitaja unaonekana unadeka. Jua likipiga bati la jirani, jicho langu la kushoto linauma mpaka kwenye jino. Mvua ikinyesha najifunika blanketi na kuziba masikio, mtu mzima na mvi zangu. Maneno yananikimbia: naliona jembe, nalijua, nimelishika miaka arobaini, ila jina lake haliji, na nikiharakishwa ndiyo kabisa. Halafu uchovu. Siyo ule wa kulima, huo naujua na naupenda. Huu unanikuta katikati ya maongezi, kama simu ya zamani inayozimika huku bado inaonyesha nusu ya chaji.

Hasira ninayo tangu utotoni, siwezi kuusingizia mgomba. Ila zamani niliweza kuimeza. Siku moja nilimfokea shemeji yangu, mtu mpole aliyetoka Kimuli kuja kunijulia hali, kwa sababu alikoroga chai kwa muda mrefu. Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, basi. Alimaliza chai yake, akaaga, na mke wangu hakunisemesha mpaka jioni.

Muuguzi wa kliniki, binti mwenye subira, aliniambia niandike kila kitu kwenye daftari, nifanye jambo moja kwa wakati mmoja, na nipumzike kabla sijachoka. Hilo la mwisho liliniudhi. Kwetu anayepumzika kabla hajachoka ana jina lake, na si jina zuri. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Basi baba, uwe mvivu kwa mwaka mmoja. Uvivu ndio utakuwa dawa yako."

Jambo moja kwa wakati mmoja nililipata kwa bahati. Mke wangu alikuwa ameketi uani anamenya ndizi za mchana, akaitwa na jirani, akaacha kisu juu ya ganda. Nikakichukua. Kwetu mwanamume hupanda mgomba, huukata, hubeba mkungu mpaka jikoni, na hapo kazi yake imekwisha. Kisu cha kumenyea ni cha mama wa nyumba. Nilimenya ndizi tano kabla hajarudi. Akaziangalia zilivyopungua unene, akauliza kama nilikuwa namenya au nachonga mpini.

Lakini kichwa kilikuwa kimetulia. Nilikuwa nimesahau kilivyo kikitulia. Unakata ncha, unachana ganda, unalisukuma kwa dole gumba, unatupia ndizi kwenye beseni la maji, unachukua nyingine. Hakuna cha kukumbuka. Nikaanza kumenya kila siku, na baada ya mwezi mmoja mke wangu aliacha kukagua. Ila mtu akikohoa njiani nilisukuma beseni upande wa mke wangu na kuficha mikono, maana utomvu wa ndizi hautoki, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kama vya mama yeyote wa hapa.

Niliyekuwa namwogopa zaidi ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Katika kitongoji chetu, akifa mtu wote tunakwenda. Wanaume wanachimba kaburi na kupasua kuni, wanawake wanapika, na baada ya mazishi katibu anasoma majina. Ukikosa misiba mitatu bila sababu ya maana unafutwa, na siku yako ikifika wanao watachimba peke yao, watu wakipita njiani wanatazama pembeni. Makaburi mengi ya hapa nimeyachimba mimi. Jina langu ndilo la kwanza kwenye orodha ya wachimbaji. Na tangu niugue nilikuwa nimekosa misiba miwili.

Wa kwanza nililala na kichwa kinapasuka. Mke wangu alikwenda kunisemea, katibu akamjibu kwamba kila mtu ana kichwa. Wa pili nilikwenda, lakini waliniweka karibu na spika. Niliondoka kabla ya majina kusomwa, nikatapika kwenye shamba la kahawa la watu, na aliyeniona akaeneza kwamba nilikuwa nimelewa. Nilipojaribu kueleza, katibu aliniangalia kovu ambalo halionekani tena. "Mzee mzima unaugua kelele?" Maneno ya kumjibu yalinijia kesho yake, mengi na makali sana.

Kisha akafa mzee wa upande wa chini. Huyu alikuwa mgeni pekee niliyemtamani wakati wa ugonjwa. Wengine walikuja sita sita, wakaongea kwa zamu na kwa pamoja, wakanisimulia watu wote waliowahi kuumia kichwa na kufa. Yeye alikuwa anakuja na mkongojo wake, namwamkia shikamoo, ananiitikia, anaketi kwenye benchi. Tunakaa. Akitosheka anaondoka. Sikuwa nakwenda kwake kwa kuogopa kufutwa tu. Nilimpenda.

Nilijiandaa. Nililala asubuhi yote kabla sijachoka, kama nilivyofundishwa. Nikavaa kofia pana, nikatia pamba masikioni, nikapita ndani ya migomba kukwepa jua la barabarani. Nilimpa mjane pole, nikaenda kaburini, nikapokea jembe. Nilipoinama mara ya kwanza nilijisikia vizuri. Mara ya tatu ardhi ikainuka upande mmoja. Nikajishikiza kwenye mpini, wenzangu wakanipisha, na kunipisha kwao kuliniuma kuliko kama wangenicheka. Nikaliweka jembe chini.

Njia ya kwenda nyumbani nilikuwa naiona. Ningeifuata, basi, msiba wa tatu. Miguu ikanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, ambako wanawake wapatao ishirini walikuwa wamezunguka lundo la mikungu. Spika huku ilisikika kwa mbali tu. Nikaketi kwenye gogo, nikanyoosha mkono, nikaomba kisu.

Visu vikasimama. Mkuu wa jiko, mjane wa makamo anayesimamia masufuria kwenye kila msiba wetu, akanitazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu.

"Waitu shemeji, umepotea? Kaburi liko kule."

"Kule kumenishinda," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kulisema mbele ya wanawake ishirini. "Hii naiweza."

Mmoja akaguna kwamba leo tutakula maganda. Nikamenya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika chane ya pili mkuu wa jiko aliokota ndizi moja kwenye maji, akaigeuza geuza, akairudisha. Kisha akanishika mkono na kuuinua wenzake wauone ulivyo mweusi. "Huyu hajaanza leo," alisema. "Mke wake ametuficha mali!" Wakacheka kwa kuziba midomo, maana ulikuwa msiba, na mke wangu aliyekuwa kwenye maharage akainamisha uso. Nilitaka kukasirika, nikakuta sina hasira. Nikaendelea kumenya.

Nilimenya mpaka beseni la kwanza likajaa na la pili likafika nusu. Walipokwenda kumshusha mzee kaburini nilisimama pembeni ya migomba, nikavua kofia, nikamuaga kutoka pale. Nilirudi kwenye gogo langu, kwa kuwa ndizi za wachimbaji zilikuwa bado.

Ndipo spika ikaanza kusoma majina. La kwanza ni langu. Nilisimama niitike, kisu mkononi, na lile neno dogo la kuitikia likanikimbia. Nililiona linakotakiwa kutokea na halikutokea. Katibu akasoma mara ya pili, sauti yake sasa ina tabasamu ambalo nililijua. 

"Yupo!" Mkuu wa jiko alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na sauti yake haijawahi kuhitaji spika. "Yupo huku, anakumenyea chakula chako!"

 Baadaye kidogo katibu akatokeza kwenye pembe ya nyumba, daftari kwapani, na nyuma yake wachimbaji wawili watatu waliotaka kuona kwa macho yao. Akaniamkia. Akaangalia mabeseni, akaangalia vidole vyangu.

"Hizi zote umemenya wewe, mzee?"

"Keti na wewe umenye, tukulinganishe," mkuu wa jiko akamjibu kwa niaba yangu.

Hakuketi. Alifungua daftari juu ya goti, akatafuta ukurasa, akakaa na kalamu hewani. Nikadhani anataka kunifuta. "Kwa wachimbaji sikukuona," alisema, na safari hii hapakuwa na kejeli. "Sasa nikuandike wapi?"

Nilijua jibu. Lilikuwa mbele yangu, linafuka moshi, limejaa masufuria, na jina lake halikuja.  Hakuna aliyenidokeza, hakuna aliyecheka, hata wale wachimbaji. Mke wangu alikuwa ameacha kukoroga. Katibu hakuinua macho kunihimiza, alishikilia tu kalamu yake pale pale, na watu wote wale wakanisubiri kwa muda niliouhitaji.

"Jikoni," nikasema.

Akaandika.