Mablanketi ya Wageni

Kwetu Kanyakine, mtoto akizaliwa wanawake huja kumwona, na kila mmoja humfunika kwa mkono wake mwenyewe blanketi aliloleta. Ukilitoa kabla hajaondoka, umemtukana.

Mzaliwa wangu wa kwanza alifunikwa hivyo na wanawake watano. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi na manyunyu. Nilikuwa nimemlaza kifudifudi, kichwa kwenye mto, nikaenda jikoni kuwapakulia wageni mukimo. Niliporudi alikuwa kimya. Nilimgeuza. Uso wake sitauandika. Alikuwa na wiki tatu. Watu walisema Mungu amemchukua, nami nikasema hivyo hivyo miaka ishirini na saba.

Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu kliniki na mtoto wake mchanga. Nesi, msichana mdogo, aliwaambia akina mama: mtoto alazwe chali, mahali pake peke yake, godoro lisibonyee, bila mto, bila mablanketi mazito, hata mchana.

Nikamwuliza, "Na akifunikwa matano?"

"Matano, shosho? Huyo ni mtoto ama ni ndizi za kuivishwa?" Wote wakacheka. Kisha akaniangalia, akanivutia kiti. Nilimweleza. Akasema hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika kama ni mablanketi.

Jumamosi wageni walikuja kumwona mjukuu wangu. Mama mkwe wa binti yangu alimfunika mtoto hadi kwenye paji la uso. Akaja wa pili. Akaja wa tatu, jirani yangu wa zamani. Binti yangu alinitazama, yeye hangethubutu. Niliyatoa yote matatu nikayaweka magotini mwangu.

"Wee mama," mama mkwe akasema, "kwani blanketi langu lina chawa?"

"Halina. Lakini wangu alikufa chini ya mablanketi kama haya."

Sikuwa nimewahi kusema neno hilo, alikufa. Hakuna aliyegusa chai.

Jirani yule alikuwa mmoja wa wale watano. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Langu ndilo lililokuwa juu?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba mto ulikuwa wangu.

Mtoto alikuwa amelala chali, tumbo likipanda na kushuka. Sote tulikuwa tukilitazama.