Siku Nilipomteka Mtani Sokoni

Nikisikia watu wakibishana kama ni haki kumpa kura mtu usiyemtaka ili umwangushe yule usiyemtaka kabisa, huwa nacheka peke yangu. Mimi enzi za Mwingereza nilifanya zaidi ya hayo. Nilimteka mgombea mchana kweupe, mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, na sijajuta mpaka leo.

Nilikuwa napika uji na mihogo katika soko dogo la kwetu, upande wa Temeke. Soko lilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa mikononi mwa chama kimoja tangu paa la mabati lilipoezekwa. Tuliwaita Wenye Makoti, kwa kuwa wakubwa wao walikuwa wauza nguo waliovaa makoti hata jua la saa saba. Mwenyekiti wao hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sala na hakuwa na tabia ya kugombana na wanawake. Lakini walikwisha kutangaza kwamba wakichaguliwa tena, wapika vyakula wote tutoke chini ya paa tukapike kando ya barabara, eti moshi wetu unaharibu kanga zao. Na masika yalikuwa yanakaribia. Mume wangu alikuwa amevunjika mguu akipakua mizigo bandarini, yuko kitandani, na watoto wanaitazama sufuria yangu. Moto wa mafiga hauwaki mvuani. Niliogopa, tena niliogopa sana, wala sioni haya kusema.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mwenye mstari mrefu ndiye anayechukua kamati. Waliowachoka Wenye Makoti walikuwa wengi kuliko waliowataka, hilo kila mtu alilijua. Ila tulikuwa tumegawanyika. Sisi Wazaramo tulisimama nyuma ya mjomba wangu, muuza mihogo. Wanyamwezi walisimama nyuma ya muuza tumbaku wao. Uchaguzi uliotangulia, mistari yetu miwili ilishindwa na mstari mmoja wa makoti, nao wakaenda zao wakijipepea. Dawa ilikuwa wazi: mmoja ampishe mwenzake.

Tatizo ni kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakupi jibu la maana hata nyumba ikiwaka moto. Nilimfuata muuza tumbaku kwenye kibanda chake, nikampigia magoti kidogo.

"Mtani, safari hii tupishe. Waambie watu wako wasimame nyuma ya mjomba wangu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mie niwapishe nyie? Nyie mliokaa pwani mmekunja miguu mnangoja babu zetu wawaletee mizigo? Labda nife. Na hata nikifa, najua mtalala kaburini mwangu, kama ada ya watani, mpaka mlipwe ndio mtoke."

"Kaburi lako nani atalitaka? Linanuka tumbaku," nikamjibu, maana utani haukosi majibu, nikaondoka na moyo mzito. Nilimwambia mjomba kwamba mtani amekataa, kwa hiyo tumeze mate tusimame sisi nyuma yake. Mjomba alinuna siku nzima. Jioni akasema, "Haya. Bora kunuka tumbaku kuliko kunyeshewa."

Siku ya kura wagombea watatu walisimama kila mmoja kwenye nguzo yake katika uwanja wa soko. Bwana Shauri alikaa mezani, karani wake pembeni na firimbi shingoni. Firimbi ikilia, hakuna kuhama tena. Karani akapaza sauti, "Pangeni mistari!" Wenye Makoti wakajipanga vizuri, kimya, kama wako msikitini. Mjomba akaiacha nguzo yake, akaenda kwa muuza tumbaku, na sisi nyuma yake.

Muuza tumbaku naye alikuwa ameiacha nguzo yake, anakuja kwa mjomba, na Wanyamwezi wake wote nyuma yake.

Kumbe yule bwana alikuwa amekubali tangu siku ile. Matusi yake yote yalikuwa ndiyo "ndiyo" yake, na mimi, Mzaramo wa kuzaliwa, sikumwelewa! Walikutana katikati ya uwanja. Mjomba akamwambia, "Rudi nguzoni, tumekuja kwako." Mtani akasema, "Rudi wewe, sie ndio tumekuja kwako." Mjomba akadhani anataniwa, akapandwa na hasira. Mtani kuona hasira akazidisha utani. Watu wetu wakachanganyika, hakuna anayejua asimame wapi. Mwenyekiti akacheka mpaka kitambi kikamtikisika chini ya koti. "Bwana Shauri, wenzetu hawana mgombea! Tuhesabiwe sisi twende zetu!"

Nikamwona karani anapeleka firimbi mdomoni. Moyoni nikaiona sufuria yangu imejaa maji ya mvua.

Sijui nilipata wapi wazo. Nilimrukia mtani, nikamvua kofia, nikakimbia nayo. Mtani wako akikunyang'anya kitu, huruhusiwi kukasirika. Unakifuata mpaka ukikomboe, na ndugu zako wanakusindikiza. Mkono mmoja nilikuwa na kofia, mwingine namkokota mjomba kwa shati. Nikapiga kelele, "Wanyamwezi! Bwana wenu nimemteka! Anayemtaka aje amkomboe hapa!" Nikaegemea nguzo ya mjomba. Si kwamba mjomba alikuwa bora, ila nguzo yake ndiyo iliyokuwa karibu.

Wanyamwezi walikuja wakicheka na kunitukana, muuza tumbaku mbele, kichwa wazi. Akasimama nyuma ya mjomba wangu. Wazaramo wakaona, wakamfuata. Firimbi ikalia.

Mwenyekiti alilalamika kwamba ule ulikuwa wizi. Bwana Shauri akamuuliza karani kuna nini, karani akamnong'oneza, na yule Mzungu akainamisha uso kuficha kicheko. Akaagiza tuhesabiwe. Mstari wetu ulizunguka mpaka nyuma ya wauza samaki. Waliposema tumeshinda nilikaa chini palepale mavumbini nikalia, na mtani akanipigapiga mgongoni akidai kofia yake.

Kamati mpya ilituacha chini ya paa. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, watu wote walijibanza humo, na mwenyekiti wa zamani naye akaja, koti limelowa chapachapa, akasimama ukingoni anadondosha maji, kama hana uhakika ataruhusiwa kuingia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi makali ya kumwambia siku ile ikifika. Halikutoka hata moja. Nilimvutia kigoda karibu na moto, nikampakulia uji, nikamwambia, "Karibu ndani, baba. Hapa ni kwangu."