Madaftari Saba na Moto Uliokataa Kuwaka

Miwani yangu ilikataa kukaa usoni.

Ilikuwa Machi 1991, mtaa wa Migosi, Kisumu, nilipokuwa nashona sare za shule. Naivaa, inateleza. Naivaa tena, inashuka mpaka mdomoni. Nikachukua kioo cha wateja nikajitazama.

Pua yangu ilikuwa imebonyea katikati.

Hakuna aliyenipiga. Sikuanguka popote. Ilizama yenyewe, taratibu, kama andazi lililopoa.

Naitwa Nasipwondi, Mbukusu wa Bungoma niliyeolewa na Mjaluo wa Kisian. Kaeni mkao wa kula, na mwenye neno atalisema nikimaliza.

Mume wangu Oketch alikufa kwa ajali ya lori mwaka 1988. Wazee wa kwao wakataka ndugu yake, Enos, anirithi. Ndiyo desturi yao, wanaiita tero. Nikasema sitaki. Nikabeba mabinti zangu wawili na cherehani yangu, nikapanga chumba Migosi.

Mwaka uliofuata nikaanza kuugua.

Kwanza pua, ikawa inaziba na kutoa damu. Kliniki wakaandika mafua sugu. Kisha sikio moja likaacha kusikia. Kliniki nyingine. Macho yakawa mekundu. Nyingine tena. Magoti yakavimba, wakasema baridi yabisi. Miguu ikatoka madoa ya zambarau, wakasema nimekula kitu kibaya.

Nikakohoa damu. Nikapewa dawa za TB miezi sita, nikazimeza zote, na damu haikukoma. Mwisho mguu wa kushoto ukagoma kuinuka. Natembea, kandambili inabaki nyuma.

Siku hizo ulinunua daftari la shule, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Na kosa langu ni hili: kila kliniki mpya niliiendea na daftari jipya.

Ukimwi ulikuwa umetutia hofu hadi kwenye mifupa. Ukikonda na ukikohoa, watu wameshakuhukumu. Nilipimwa mara mbili, sina, lakini sikutaka daktari afungue kurasa za nyuma aanze kunitazama vile. Nikayaficha yote chini ya godoro.

Madaftari saba. Hakuna daktari aliyewahi kuona mawili kwa pamoja.

Kwa kina Oketch jibu lilikuwa moja tu. Chira, wakasema, adhabu ya kuvunja desturi.

Enos akaja Migosi, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Shemeji, hii kitu iko na dawa moja, na wewe unajua."

"Kama dawa ni wewe, wacha nife."

"Ukikufa watoto wanakuja Kisian. Kwangu."

Hapo alinishika pabaya. Nikamwonyesha mlango.

Mwezi wa nne uso ukavimba na mkojo ukawa mweusi kama chai ya strungi isiyo na maziwa. Mama mkwe wangu, Dorca, akaja kuniuguza. Siku mbili alinipikia na kunitandikia kitanda. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, akasema twende Kisian kwa maombi. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Kufika uani nikaelewa nimeuzwa. Wazee wamekaa, Enos amevaa koti, mtumishi wa maombi yuko na fimbo yake. Karatasi za hospitali zichomwe kwanza, akasema, kisha niingie nyumba ya Enos nipone.

Nikamwona Dorca ameshika madaftari yangu yote saba, ameyatoa chini ya godoro na kuyafunga pamoja kwa kamba ya katani.

"Mama, hizo ni zangu."

"Nyar Bungoma," yaani binti wa Bungoma, "nyamaza. Leo hii maneno inaisha."

Moto ukakataa kuwaka. Ukatoa moshi tu, wazee wakakohoa na kufuta machozi. Enos akaenda kutafuta mafuta ya taa. Dorca akaweka furushi juu ya kigoda karibu na geti, akageuka kupuliza moto.

Nikalichukua.

"Nilikataa nikiwa mzima," nikawaambia wazee. "Nimekataa nikiwa mgonjwa. Nikifa, muandike kwa jeneza kwamba nilikataa."

Nikaburuta mguu hadi barabara ya Busia. Lori la mchanga likanibeba mpaka mjini.

Hospitalini nilimkuta Daktari Safia, mzaliwa wa Kisumu hii hii. Akakata kamba, akasoma daftari la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kisha akabonyeza madoa ya miguuni na kutazama mkojo wangu.

"Nani alipanga hizi kwa tarehe?"

"Mama mkwe. Alitaka kuzichoma."

"Mama, huna magonjwa saba. Uko na moja."

Akanieleza polepole. Askari wa mwili wangu wameasi, wanashambulia mishipa midogo ya damu popote ilipo: puani, sikioni, machoni, kwenye magoti, ngozi, mapafu, mishipa ya fahamu. Sasa wamefika kwenye figo.

"Ungechelewa wiki mbili ningekuzika," akasema.

"Si chira?"

"Chira sijui kupima. Hii itaonekana kwa darubini."

Kipande cha nyama ya puani kikapelekwa Nairobi na jibu likarudi vilevile alivyosema. Nilimeza dawa kali mwaka mzima. Nywele zilinyonyoka, nilitapika, nililaani kila kitu. Lakini figo zikashika, na mabinti zangu hawakwenda Kisian.

Mwaka 1998 Dorca akazeeka vibaya, Enos akachoka naye. Nikamleta Migosi. Majirani walinicheka, nikawaacha wacheke.

Siku moja namlisha uji nikamuuliza, "Mama, wewe hujui kusoma. Ulipangaje vile vitabu?"

"Kila ukigonjeka nilikuja kukuona. Ya pua ilikuwa na picha ya twiga. Ya sikio ilikuwa ya kijani. Niliweka kwa kichwa."

"Kama yalikuwa ya kuchoma, kwa nini uliyapanga?"

Akameza uji.

"Ile moto niliwasha mimi. Kuni nilichagua mimi. Zilikuwa mbichi." Akafuta mdomo. "Mimi nilirithiwa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Hakuna mtu aliniuliza."

Nililia mpaka bakuli likanitoka mkononi. Miaka saba nilikuwa nimemchukia bure.

Basi wewe unayesoma, usimgawie kila daktari kipande cha ugonjwa wako. Mpelekee wote. Na anayekuambia unaumwa nini kabla hajakugusa, mwonyeshe mlango.

Mimi bado nashona. Pua haikurudi. Miwani naifunga kwa lastiki ya sketi za shule, na haitelezi.