Ukoo Uliomficha Mama

Marehemu baba alikuwa na wake wawili. Bi mkubwa alikaa Chaani na wanawe. Mama yangu Mtongwe, pamoja na sisi. Bi mkubwa ametangulia mbele ya haki. Mama yu hai, na ndiye aliyenitaka niuandike ukoo wetu kabla haujasahaulika.

Niliuandika kwa programu ya kompyuta, nikisaidiana na kaka yangu wa Chaani, mtoto wa bi mkubwa. Neno la siri tulikuwa nalo sisi wawili tu. Niliingiza wake wote na watoto wote, kisha nikachapisha ukurasa wa baba nikampelekea mama.

Akavaa miwani, akapitisha kidole polepole. "Mwanangu, mbona mimi simo?"

Nikatazama. Baba, bi mkubwa, watoto wao. Basi.

Moyo wangu ulikwenda moja kwa moja Chaani. Nyumba ya baba ilikuwa haijagawanywa, na kaka alianza kuiulizia wiki ile ile. Nikafungua mipangilio ya programu: "Onyesha ndoa zote" ilikuwa imetiwa alama. Sasa kama imeamrishwa ionyeshe wote, ni nani aliyemtoa mama?

Sikupiga simu. Nilikwenda, nikamkuta kaka akitengeneza feni.

"Karibu, dada. Mbona uso hivyo? Kuna msiba?"

"Msiba ni hii karatasi. Mama yangu umemtia wapi?"

Akaisoma, akaiweka chini. "Wallahi sijagusa."

"Na neno la siri tunalo wawili."

Mkewe akaniletea maji. Sikuyanywa.

Akafungua kompyuta yake. Mama hakufutwa, alikuwamo, nasi tulikuwamo, ila tumefichwa. Kwenye ukurasa wa baba peke yake palikuwa na mpangilio mwingine, "ndoa ya kwanza tu", na huo ndio uliokuwa ukiushinda ule wa programu nzima.

"Nani aliuweka?" nikauliza.

"Labda programu yenyewe."

"Programu ina ugomvi gani na mama yangu?"

Akabuni mtu wa majaribio, akamwoza wake wawili, akachapisha. Alitoka mke wa kwanza tu. Kumbe kila mtu mpya huwekewa hivyo ukurasani mwake, hata uamrishe nini kwengine, mpaka umwendee mmoja mmoja umbadilishe.

Nilitulia, lakini si sana. Niliubadilisha wa baba kwa mkono wangu mwenyewe, nikachapisha pale pale. Mama akatokea kando ya baba, na sisi chini yake.

"Ungepiga simu tu, dada," kaka alisema akinisindikiza.

"Kwa simu nisingekuona uso."

Nilipomweleza mama kwamba ilikuwa mashine, si mtu, alisoma jina lake mara mbili. "Haya," akasema, nami nikajua hajaamini. Mpaka leo, nikiongeza mtu yeyote kwenye ukoo, hunitaka nimchapishie kwanza aone.