Kwenda Gatina Kutafuta Reki

Niliondoka mtaani kwetu Silanga kwa sababu ya kidole cha Okoth. Sisi wawili tulikuwa na presi ya kugongea vifuniko vya sufuria, tuliyoiunda wenyewe kwa vyuma chakavu, na kichwa chake kizito kilipandishwa kwa mnyororo. Siku moja mnyororo uliteleza, kichwa kikashuka, Okoth akabaki na vidole tisa. Tukaamua kuweka reki, yaani chuma kirefu chenye meno upande mmoja, na gia ndogo ya kupandisha kichwa. Kwa kuwa nilisomea ufundi mwaka mmoja, nikatumwa mimi kuchagua.

Saa moja asubuhi Okoth alinisindikiza hadi Sarang'ombe.

"Buda, leta kitu itashika," akasema, akinionyesha mikono yake. "Hizi zenye zimebaki nazipenda."

Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira zangu. Juzi yake mwenye nyumba wangu alikuwa ameng'oa mlango wa chumba chetu kwa deni la kodi, mke wangu akiwa ndani anamwogesha mtoto. Nilitembea nikimtukana kimoyomoyo njia nzima hadi Kawangware.

Saa nne nilifika Gatina, humo humo Kawangware, kwa Baba Wanjiku. Huyu ni mwenye ploti. Zamani alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na nyuma ya ghorofa lake la kupangisha amejaza vyuma vya mashine zilizokufa. Alinikaribisha chai, kisha akanitolea reki mbili, kila moja na gia yake. Moja ilikuwa na kutu. Nyingine ilikuwa safi, inang'aa.

"Hii ya kutu na gia yake zilitoka mashine moja," akasema. "Hiyo ingine, gia yake sijui ilitoka wapi. Usichague na macho, kijana. Bingirisha gia kwa matope, halafu ulalishe reki kwa hiyo alama. Meno kumi zikiingia zote, hizo ni ndugu. Zikikataa, wachana nazo."

Akanionyesha matope kando ya mfereji. Nikatazama viatu vyake vilivyopakwa rangi, nikatazama ghorofa lake, milango yote ipo mahali pake. Nikaona mwenye nyumba mwingine anayetaka nimpigie magoti, tena aniuzie kutu yake.

"Mzee, hii kazi nimeisomea," nikamjibu.

"Sawa. Lakini matope haiulizi shule."

Nikaishika gia ya reki safi, nikaijaribu kwenye reki hiyo meno mawili matatu. Yalishikana. Nikaichukua hiyo.

Saa nane nilikuwa njiani kurudi, reki begani, gia mfukoni. Bega liliniuma, ila nilijiona nimemshinda mtu.

Jioni Okoth aliipapasa reki kwa furaha.

"Inang'aa aje! Umeicheki poa?"

"Nimeicheki," nikasema.

Tukaifunga. Ilikwaruza kidogo ikipanda, nikamwambia itazoea.

Siku ya tatu jino la gia lilikatika kichwa kikiwa juu. Mkono wa kulia wa Okoth ulikuwa chini yake.

Wiki iliyofuata nilirudi Gatina na vyuma vile. Mara hii nilipiga magoti bila kuambiwa. Gia ilikuwa imepoteza jino moja tu, nikaibingirisha kwa upande mzima. Nikalalisha reki kwenye alama. Meno matatu yaliingia, la nne likagusa ukingo, na kufika la saba lilikuwa limekaa juu ya tuta kabisa. Meno ya ukoo tofauti, ndiyo maana jino moja lilibeba mzigo wote. Baba Wanjiku alisimama akinitazama. Nilitamani anitukane. Aliniletea tu reki ya kutu na gia yake, akarudi kwa chai yake.

Siku hizi presi naiendesha peke yangu, na haijateleza hata mara moja. Okoth anauza makaa hapo Silanga, anapima mikebe kwa mkono wa kushoto. Nilichojifunza safari ile naweza kumfundisha yeyote kabla chai haijapoa: pima kwa matope. La pili nililojifunza ni kwamba mimi ni mwoga, na hilo sijamfundisha mtu, wala Okoth sijamwambia kwamba nilikataa kupima. Juzi nilienda kununua makaa, Okoth akamwambia mteja wake, "Huyu jamaa alitembea mpaka Kawangware sababu ya mkono yangu. Ilikuwa tu bahati mbaya."

Akanijazia mkebe hadi ukamwagika. Nikasema asante.