Mfungo wa Fundi Nguo

Mate yangu mwenyewe nilikuwa siyaamini.

Kanuni ya Kanisa ilikuwa moja kwa wote: anayetaka komunyo siku ya Jumapili asile wala asinywe kitu tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji. Wengi pale mtaani kwetu Kamalondo waliishika bila taabu. Walilala, wakaamka, wakaenda Misa. Lakini mimi ni fundi nguo, na kinywa cha fundi nguo ni chombo cha kazi kama mkasi. Ncha ya uzi tunailowesha kwa ulimi ili ipite tundu la sindano. Uzi uliobaki tunaukata kwa meno. Uzi wa vifungo tunaupaka nta kwanza, nao pia hupita kinywani. Haya yote kinywa kinayafanya bila kuuliza ruhusa. Jumapili nilipofumbua macho, swali lilikuwa limeshaamka kabla yangu: je, kuna kipande cha uzi kilichobaki kwenye meno tangu jana? Na kama nilikimeza usingizini, nimekula?

Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilifumua shati kuukuu, nikatazama vipande vyake, nikavishona upya mpaka nikaelewa. Kusoma nako nilijifundisha, kwa magazeti ya kufungia sabuni. Aliyejifundisha peke yake hana mtu wa kumwambia, "Basi, inatosha." Kola moja ningeweza kuifumua na kuishona tena hadi kitambaa kichoke, kwa sababu ya kosa ambalo mwenye shati asingeliona kamwe. Dhambi zangu nilizikagua vivyo hivyo, kwa kupitisha ukucha kwenye mshono.

Kwa hiyo watu walipoinuka kwenda kupokea, mimi nilibaki kwenye benchi. Na kubaki kwenye benchi ni kutangaza jambo. Mwenye mke wa siri hubaki. Anayekwenda kwa mganga hubaki. Kijana asiye na mke, ambaye haonekani baa, akibaki kila Jumapili, watu wanaanza kumchimba.

Aliyechimba zaidi ni shangazi wa mchumba wangu. Familia yao ilitoka kaskazini mwa Katanga, baba mtu akiwa mfanyakazi wa reli, Wakatoliki wa tangu zamani. Shangazi alikaa upande wa wanawake, lakini shingo yake iliishi upande wetu. Siku moja alinivizia mlangoni.

"Fundi, Yezu alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama."

"Basi weye njo ulimukosea. Kila siku ya Mungu unabaki kwa benchi sawa muntu wa ndui! Iko bibi mwenye ulioa kule mu mugini?"

"Hapana, mama."

"Bote banasemaka hapana."

Wenzake wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikarudi nyumbani nikijiuliza ni nani kati yao aliyemtuma.

Pentekoste ilipokaribia, baba wa mchumba wangu aliniita uani kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyapima.

"Mwanangu, mimi siko polisi. Lakini mutoto wangu sitamupa muntu mwenye anamukimbia Mungu. Pentekoste nikuone kule mbele na benzako. Nikikuona kwa benchi, bile bintu bya mahari ulileta bitarudia kwako."

"Nimesikia, baba."

"Kusikia si kitu. Uende."

Nyuma ya nyumba mchi ulikuwa umenyamaza. Nilijua ni mchumba wangu aliyekuwa ameushika. Sikujua kama alinyamaza kwa kunihurumia au ili asikie vizuri.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Mjini kulikuwa na maneno kwamba yanayosemwa ndani ya kile kisanduku cha maungamo hufika masikioni mwa mabosi wa kampuni. Sikuyaamini, ila sikuacha kuyafikiri. Nikachagua padri mzee, mmoja wa wale tuliowaita mompe, na sauti yangu nikaibadilisha.

"Ni weye tena, fundi," akasema nyuma ya kimia cha kidirisha.

Kumbe alinijua siku zote.

"Nimemeza uzi, mompe. Labda."

"Labda?"

"Sina hakika. Ulikuwa na nta. Nta inatoka kwa nyuki, na nyuki wanatoa asali, na asali ni chakula."

Akakohoa sana. Nilishuku kwamba anacheka.

"Nani anakufundishaka mambo hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwalimu mubaya. Sikia. Uzi si chakula. Nta ya uzi si chakula. Toka leo, ukiwa na labda, uende komunyo pamoja na labda yako. Nakukataza kuileta tena hapa. Kama ni kosa, kosa ni yangu, nitamujibu Mungu mimi. Kazi yako ni kutii, na kupumzika."

Kupumzika! Neno lile nililigeuza njia nzima kama koti, nikitafuta mahali liliposhikizwa kwa uzi wa muda. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu; huenda mzee alitaka tu kumaliza. Huenda baba mkwe alikwisha kuzungumza naye. Huenda alinichoka, na mtu akikuchoka hukupa ruhusa ya kila kitu.

Asubuhi ya Pentekoste nilivaa koti nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Kwenye ngazi za kanisa nikaona uzi unaning'inia kwenye pindo la mkono. Kabla akili haijafika, meno yalikuwa yamefika. Nilihisi kitu ulimini, nikashtuka, kikashuka. Safari hii hapakuwa na labda. Nilimeza.

Misa ilipita nisiisikie. Kengele ikalia, safu ya wanaume ikainuka. Baba mkwe alisimama mwisho wa benchi, akiwapisha wengine, bila kugeuza kichwa. Mimi nilikaa. Nikienda nami nimekosa, nitaunajisi Mwili wa Bwana. Nisipokwenda, nimempoteza binti yule. Na nikienda kwa ajili yake tu, basi hiyo ni dhambi kubwa kuliko uzi. Kila mlango niliufunga kwa mkono wangu, kisha nikashangaa ninakosa hewa.

Hapo likanijia lile neno la mzee: kosa ni yangu. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, kwa shati wala kwa roho. Na mzee mwenyewe, nikawaza, alilitoa wapi? Alilitoa kwa yule aliyekubali zamani, msalabani, kubeba mizigo ya wengine. Jambo hilo nililijibu katika katekisimu bila kukwama hata neno, na sikuwa nimeliegemea hata siku moja. Nilikuwa nimechoka mno kuendelea kusimama peke yangu. Nikainuka.

Nilipiga magoti. Mzee alipofika kwangu nilidhani alisita. Huenda hakusita. Nikafungua kinywa. Hostia ikanata kwenye kaakaa lililokauka, nikaiacha iyeyuke kwa wakati wake.

Niliporudi kwenye benchi nilingoja hofu. Ukaja usingizi, mzito, kama wa mtoto aliyeugua na homa ikamshuka. Niliamshwa na ncha ya mwavuli wa shangazi, Misa imekwisha.

"Muone! Fundi analala mbele ya Mungu!"

"Umuache," baba mkwe akasema. "Mwenye kuiba halalaki vile. Amuka, mwanangu. Twende tukule."

Kwa kawaida Jumapili miguu yangu ilitetemeka kama ya mgonjwa. Siku hiyo nilitembea mbele ya wote, nikalazimika kuwangoja kwenye kona, nami sikuwa nimeonja kitu tangu jana.

Mchumba wangu alileta maji ya kunawa, akaniinamia, akatabasamu ndani ya bakuli. Shangazi akaweka bukari, ugali wa kwetu, na samaki mkavu wa Kasenga, akakaa karibu nami kuliko inavyopasa.

"Sasa uniambie. Ilikuwa zambi gani?"

"Haikuwa dhambi, mama. Ilikuwa woga."

"Woga wa nini?"

"Wa kukosea."

Alinitazama muda mrefu, jicho moja limefinywa, kama mtu anayekagua samaki sokoni. Hakuniamini. Nikamega tonge jingine la bukari, nikalichovya kwenye mchuzi.